Papai bichi, kisamvu na mishikaki iliyogeuka uji: vimeng'enya vinafanyaje kazi, na nani anavizuia?

MwanaNgamiani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Tanga, Ngamiani, na uzi wenyewe mrefu, mwenye nafasi akae tuende taratibu maana hii mada naipenda na naona watoto wetu wanaipata vibaya, wanakaririshwa "kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko", wanaandika kwenye mtihani, wanapata maksi, imeisha hiyo. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaishi nayo jikoni kwao kila siku.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita kwa shangazi yangu kulikuwa na shughuli, tukapewa kazi ya mishikaki, nyama kilo 12 ya paja, ile ngumu. Shangazi akasema ipakwe papai bichi ilainike. Tukasaga papai zima na maganda yake na ule utomvu mweupe, tukachanganya na tangawizi na kitunguu saumu, Ijumaa mchana tukalaza nyama kwenye deli lenye barafu. Jumamosi asubuhi kufungua deli, nyama haipo. Yaani ipo ila sio nyama tena, unakamata pande unaona nyuzi zinaachana zenyewe mkononi, ukichoma kijiti inateleza inadondoka, chini kuna maji mazito kama uji wa mtama. Shangazi hakupiga kelele, akaikusanya yote akaongeza mayai na bizari akafanya kababu, watu wakala wakasifu. Ila mtoto wa dada yangu yupo kidato cha tatu akaniuliza swali ambalo mpaka leo silali vizuri: "Mjomba, kama papai linamaliza nyama hivi, mbona lenyewe halijajimaliza kule mtini?"

Nataka niseme wazi mapema, hilo swali ndo mada nzima. Watu wengi wakisikia vimeng'enya wanafikiria nguvu ya kuvunja na kujenga, lakini nguvu ni ya kawaida sana. Ufundi wa seli upo kwenye kuzuia, kujua kitu gani kisifanye kazi, wapi, na mpaka lini.

Tuanze na chenyewe ni nini. Protini ni mnyororo wa amino asidi, zipo aina 20, zinapangwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Insulini ina shanga 51. Ile ya kwenye papai inaitwa papaini, ina 212. Lakini mnyororo haukai umenyooka, unajikunja wenyewe, shanga zinazoogopa maji zinakimbilia ndani, zinazopenda maji zinabaki nje, mwisho inakuwa donge lenye umbo lake maalum na kwenye hilo donge kuna kishimo. Kazi yote inafanyika kwenye kishimo. Papaini donge lake limegawanyika pande mbili na katikati kuna ufa, mnyororo wa protini ya nyama unaingia kwenye ufa, shanga namba 25 na namba 159 zinasaidiana kuukata, mnyororo unakatika, vipande vinatoka, anaingia mwingine. Kisu chenyewe hakiishi. Ndo maana papai moja linatosha kilo 12, na ndo maana ukiliacha usiku kucha halichoki.

Zamani, mwaka 1894, Emil Fischer wa Ujerumani alisema ni kama ufunguo na kufuli. Ikaaminika hivo miaka mingi, mpaka 1958 Daniel Koshland akasema hapana, kufuli lenyewe linajirekebisha likiguswa. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wa tuisheni wafikirie godoro la sufi: ukilala linajipokea kwa umbo lako, ukiinuka linarudi. Kimeng'enya kinajibana juu ya kile kinachokifanyia kazi, na ule mbano ndo unaosaidia kukata.

Kasi yake sasa. Nunua dukani ile dawa ya kusafishia kidonda, haidrojeni peroksaidi, idondoshee kipande cha ini bichi la kuku. Itatoa povu hapohapo. Kwenye ini kuna kimeng'enya kinaitwa katalezi, kimoja kinavunja mamilioni ya peroksaidi kwa sekunde moja. Sasa chemsha kipande kingine cha ini kiive kabisa, kidondoshee. Kimya. Joto limelifungua donge, kishimo hakipo, zimebaki shanga tu.

Na watu walibishana sana kuhusu hivi vitu. Kulikuwa na imani kwamba sukari haiwezi kugeuka kileo bila hamira iliyo hai, kwamba ni uhai wenyewe unaofanya. Mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga hamira kwa mchanga mpaka seli zikapasuka, akakamua maji yake, yale maji hayana kiumbe hata kimoja kilicho hai, akaweka sukari, ikachachuka. Wale wanaogema mnazi hapa mwambao wanaelewa uzito wa jambo hili. Alipata Nobel 1907. Bado watu hawakuwa na hakika kama vimeng'enya ni protini, mpaka 1926 Mmarekani James Sumner, aliyepoteza mkono wake wa kushoto akiwa kijana na ndo mkono aliokuwa anautumia, akahangaika miaka tisa na kimeng'enya cha kwenye maharage mpaka akakipata kama fuwele safi, akakipima, ni protini. Wakubwa walimwambia hawezi. Namheshimu sana huyu mtu.

Haya, turudi kwa swali la dogo. Papai halijimalizi kwa sababu papaini inatengenezwa ikiwa na kofia. Kwenye mnyororo wake mwanzoni kuna kipande cha ziada ambacho kinajikunja kinaziba ule ufa, kwaiyo ndani ya mishipa ya utomvu kisu kipo alani. Ukichoma papai kwa kisu, utomvu ukatoka, ndani ya dakika chache kofia zinakatwa na papaini inaamka. Papai linajilinda dhidi ya wadudu wanaotafuna, haliwezi kutembea na kisu wazi.

Na sisi ni hivohivo. Kongosho lako linatengeneza visu vya kukata protini kila siku, tripsini na wenzake, na kongosho lenyewe ni nyama. Lingeweza kujisaga. Linavitoa vikiwa na kofia, vinasafiri kwenye mrija mpaka utumbo mdogo, huko ndo kuna kimeng'enya kingine ukutani kinachokata kofia ya tripsini, kisha tripsini inaamsha waliobaki. Na kwa tahadhari kongosho linaweka pia kizuizi pembeni, protini ndogo inayoziba kishimo cha tripsini yoyote iliyoamka kabla ya wakati. Ulinzi ukishindwa, visu vinaamka humohumo, mtu anapata maumivu makali ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni, kongosho limevimba, na watu wanakufa kwa hilo.

Kuna njia nyingine ya kuzuia ambayo bibi zetu waliijua kwa mikono. Kisamvu. Jani la muhogo lina kitu kinaitwa linamarini, na lina kimeng'enya kinachoivunja linamarini mpaka inatoka sianidi, ambayo ni sumu kweli. Sasa mbona jani halijiui? Kwa sababu vimewekwa vyumba tofauti, linamarini ipo ndani kwenye kifuko cha seli, kimeng'enya kipo nje kwenye ukuta wa seli. Hakuna kofia hapa, kuna ukuta tu. Ukitwanga kwenye kinu unabomoa kuta, viwili vinakutana, sianidi inatoka, na ikishatoka inapeperuka, ukija kuchemsha inaishia hewani pamoja na mvuke.

Sikilizeni hapa kwa makini maana ni usalama. Ukichukua majani mazima ukayatupa kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa mwanzo kabla hakijakutana na linamarini, linamarini inabaki, unaila, na bakteria wa tumboni wanaweza kuivunja hukohuko. Twanga kwanza, acha kidogo, ndipo uchemshe, na sufuria lisifunikwe. Muhogo mchungu wa kutengenezea bada nao hivohivo, unamenywa, unalowekwa au unavundikwa siku kadhaa, unaanikwa, unasagwa, kila hatua hapo ni kukipa kimeng'enya muda wa kumaliza kazi. Mwaka wa njaa watu wanafupisha siku ndo wanapooza miguu. Sianidi yenyewe inaua kwa kuziba kimeng'enya cha mwisho kwenye mitambo ya seli inayotumia oksijeni, mtu ana hewa kifuani ila seli haziwezi kuitumia.

Naishia hapa kwanza, karibuni.

Binti wa Pongwe

Asante mwalimu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi nikinywa maziwa fresh tumbo linaunguruma na gesi, nikinywa mtindi sipati shida. Mume wangu ni mfugaji wa Handeni huko ndani anakunywa lita nzima hana habari. Je mimi ni mgonjwa?

MwanaNgamiani

Dada yangu huna ugonjwa. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi na kimeng'enya cha kuikata kinaitwa laktezi, mtoto mchanga anacho kingi kwa sababu maziwa ndo chakula chake. Akiachishwa ziwa, kwa binadamu wengi duniani ile jeni, yaani maelekezo ya kukitengeneza, inazimwa polepole. Jeni haijaharibika, ipo, imezimwa tu, seli inaona kazi hiyo haipo tena. Laktosi isipokatwa inashuka utumbo mkubwa, bakteria wanaichachusha, ndo hizo gesi. Mtindi unakupita salama kwa sababu bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya laktosi na wanaingia na vimeng'enya vyao.

Mumeo sasa, kwenye jamii za wafugaji kwa watu wengi swichi haizimiki. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wao kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta herufi chache za DNA, yaani maandishi ya urithi, zimebadilika jirani na jeni ya laktezi, na sio zilezile walizonazo Wazungu. Yaani wafugaji wa huku na wafugaji wa kule walifika sehemu moja kila mtu kwa njia yake. Kilichobadilika sio kimeng'enya, ni swichi yake. Hilo nalipenda sana.

Nahodha Sahare

Mkuu mi mvuvi, shule sikwenda mbali ila umeandika naelewa. Nina jambo la samaki. Kuna siku tulipata jodari mwingi na vibua, barafu ikatuishia baharini, jua kali, tumefika mwaloni Deep Sea mchana. Nikapeleka mmoja nyumbani, ukakaangwa vizuri kabisa ukaiva, wote tuliokula midomo ikawasha kama pilipili, uso unawaka, mdogo wangu akatoka vipele mwili mzima. Wazee wakasema samaki kavuliwa na sumu. Ule samaki haukuwa unanuka. Ni nini?

MwanaNgamiani

Nahodha pole na asante kwa kuleta hili. Ni vimeng'enya, ila sio vya samaki, vya bakteria. Nyama ya jodari na kibua ina amino asidi inaitwa histidini kwa wingi sana kuliko samaki wengine. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria wa kwenye matumbo na mashavu wanazaana, wana kimeng'enya kinachokata kipande kimoja cha histidini inageuka histamini. Histamini ndo ileile mwili wako unaitoa ukiwa na mzio, kwaiyo unapata dalili zote za mzio bila kuwa na mzio.

Kukaanga hakukusaidia na hapa ndo watu wanakosea. Joto la mafuta linaua bakteria na linafungua kimeng'enya kabisa, lakini histamini yenyewe sio protini, haina mkunjo wa kufunguliwa, inabaki ilivyo. Mfanyakazi kafa ila kazi aliyoifanya ipo sahanini. Na pua haisaidii, histamini inaweza kuwa nyingi kabla samaki hajaanza kunuka. Dawa ni barafu tangu dakika samaki anatoka majini, umtoe matumbo na mashavu mapema, maana baridi haivunji histamini iliyokwishaingia, inazuia mpya tu. Ukionja ukahisi ulimi unawasha pilipili na hujaweka pilipili, acha. Na mtu akibanwa kifua apelekwe hospitali haraka.

Nahodha Sahare

Nimeelewa. Nitawaambia vijana wangu, sisi tulikuwa tunaweka barafu tukishamaliza kuvuta nyavu zote. Swali lingine, mtu akivuta jarife saa tatu nguvu zinatoka wapi wakati asubuhi nimekunywa chai kavu tu?

MwanaNgamiani

Hilo ndo swali tamu kuliko yote Nahodha. Ndani ya misuli yako na ini kuna akiba ya sukari iliyofungwa pamoja inaitwa glikojeni, imejengwa matawi kama mti. Kuna kimeng'enya cha kuikata, kipo palepale kimeshika mti, ila kimezimwa. Wakiwa Seattle, kwenye miaka ya 1950, Edmond Fischer na Edwin Krebs walitaka kujua kinawashwaje, wakakuta ni kitu kidogo sana: fosfeti moja inabandikwa kwenye shanga namba 14. Basi. Fosfeti moja kwenye mnyororo wa shanga zaidi ya 800, donge zima linajigeuza, kishimo kinafunguka. Kuna kimeng'enya cha kubandika na kuna cha kubandua. Walipewa Nobel 1992, baada ya watu kugundua kwamba karibu kila kitu kwenye seli kinaendeshwa hivo, mwanadamu ana vibandikaji zaidi ya 500.

Sasa ona mpangilio wake. Umeona wimbi baya, moyo umeshtuka, adrenalini imetoka. Haiingii ndani ya seli, inagonga mlango tu. Ndani mlinzi anatoa ujumbe, ujumbe unaamsha kibandikaji cha kwanza, hicho kinabandika cha pili, cha pili kinabandika kile cha kukata glikojeni, na kila hatua mmoja anaamsha wengi, kwaiyo adrenalini kidogo tu inafungua ghala zima. Na wakati huohuo kibandikaji kilekile kinabandika fosfeti kwenye kimeng'enya cha kujenga glikojeni, na hicho fosfeti inakizima. Ishara moja, mkataji anawaka, mjengaji anazimika. Bila hivyo mmoja angekuwa anakata huku mwenzake anajenga, nguvu ingeishia bure.

Ukikaa kupumzika ndo breki nyingine inaingia. Sukari ikivunjwa inatoa ATP, ambayo ndo fedha ya seli, kila kazi inalipwa nayo. Njiani kwenye kuvunja sukari kuna kimeng'enya kimoja ambacho kina kishimo cha kazi na pembeni kina kishimo cha pili, cha kupokea taarifa. ATP zikijaa, moja inakwenda kukaa kwenye kile cha pembeni, donge linajibana, kazi inapungua. Bidhaa yenyewe inarudi mlangoni kusema tosha. Ukianza tena kuvuta, ATP zinaisha, mabaki yake nayo yanakaa pembeni kusema fungua. Monod, Changeux na Jacob wa Ufaransa ndo walioliandika hili mwaka 1963, kwamba protini inaweza kuguswa kwa mbali na kubadilika mahali pengine.

Mpimaji wa Muheza

Mwalimu naomba niongeze kitu, mi ni mtu wa maabara na nimekaa sana upande huu wa Muheza na Korogwe. Umezungumzia kishimo kuzibwa. Dawa nyingi ni hivo, ni kitu kinachofanana na kile kimeng'enya kinachokitaka, kinaingia kishimoni halafu hakitoki. Dawa ya SP ya malaria ni mbili ndani ya moja, sulfadoksini na pirimethamini, kila moja inaziba kimeng'enya chake kwenye kimelea, vyote viwili vipo kwenye njia moja ya kutengeneza foleti, aina ya vitamini. Kile cha sulfadoksini sisi hatuna kabisa mwilini, foleti tunaipata kwenye mboga, kwaiyo dawa inampiga kimelea pale ambapo binadamu hana kitu.

Tanzania iliacha klorokwini ikaingia SP mwaka 2001, ikadumu kama dawa ya kwanza mpaka 2006 tukahamia dawa mseto. Miaka mitano tu. Sababu ni umbo. Kimelea kikibadilisha shanga namba 108 kwenye kimeng'enya kimoja, pirimethamini haikai vizuri tena, akiongeza 51 na 59 inazidi kuteleza, na kwenye kile cha pili ni 437 na 540. Huku kwetu Muheza na Korogwe kukaonekana na la namba 581, ambalo linapunguza kabisa nguvu ya sulfadoksini. Kimelea bado kinatengeneza foleti, kishimo kimepanuka au kimehama kidogo tu, kiasi cha dawa kukosa pa kushika. Watoto waliokuwa wanapona kwa dozi moja wakawa wanarudi na homa. Nimewaona kwa macho yangu kwenye darubini, dozi imemezwa na vimelea bado wapo.

Naomba akina mama wajawazito msinielewe vibaya, SP ya kliniki bado inatolewa na bado inasaidia, mumeze mkipewa.

MwanaNgamiani

Asante sana ndugu yangu, hii siku nyingine nitaisoma darasani kama ulivyoiandika. Shanga moja tu.

Mama wa Makorora

Nimesoma hapo kwenye shanga moja nimesimama. Mwanangu ana seli mundu, ana miaka sita. Daktari aliniambia ni herufi moja imebadilika, sikuelewa, niliogopa kuuliza. Amemuanzishia haidroksiurea, naona mwaka huu hajalazwa ila mara moja. Naomba mnieleze na mimi.

MwanaNgamiani

Mama shikamoo, na pole kwa safari hiyo, hakuna swali la kuogopa hapa. Damu ina protini ya kubeba oksijeni inaitwa hemoglobini, minyororo minne imekumbatiana. Kwenye miwili kati ya hiyo, shanga namba 6 inatakiwa iwe inayopenda maji, kwa mwanao imekaa inayoogopa maji. Ile inayoogopa maji ipo nje, haina pa kujificha, na hemoglobini ikishaachia oksijeni yake inatafuta mwenzake wa kujishikiza, wanashikana wanakuwa nyuzi ndefu, seli nyekundu inavutika inakuwa kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, ndo yale maumivu. Vernon Ingram aliigundua hiyo shanga kati ya mwaka 1956 na 1957.

Na sio laana wala kosa la mzazi. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya hiyo analindwa na malaria kali, ndo maana imebaki kwa wingi kwetu sehemu za mbu. Wewe na baba yake inawezekana kila mmoja amelindwa na hiyo moja tangu utotoni, mtoto akapata zote mbili.

Haidroksiurea sasa. Mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini nyingine, ya kichanga, ambayo haina shanga hiyo mbaya. Akizaliwa jeni yake inazimwa, ndo maana watoto wa seli mundu miezi ya mwanzo wanakuwa wazima. Ile dawa inairudisha kwa kiasi, hemoglobini ya kichanga inaingia kati ya zile zinazotaka kushikana, nyuzi zinashindwa kurefuka. Ni swichi ileile niliyomwambia dada wa Pongwe kwenye maziwa, ila hapa tunaomba ifunguliwe. Mpe kila siku mama kama alivyoelekezwa, maji mengi, na usikose siku ya kupima damu.

Mama wa Makorora

Marahaba mwanangu. Leo ndo nimejua kwanini alikuwa hana shida mpaka akafika miezi saba. Nilikuwa najilaumu kwamba nilimlisha kitu.

Mwanafunzi wa A-level

Mwalimu, hayo ya kuwasha na kuzima nimeelewa. Je protini ikishazeeka au ikijikunja vibaya inakwenda wapi?

MwanaNgamiani

Inabandikwa alama ya kifo. Kuna protini ndogo ya shanga 76 inaitwa yubikwitini, seli inaibandika moja juu ya nyingine kama mkia kwenye ile isiyotakiwa, halafu inapelekwa kwenye pipa lenye visu ndani, visu vimeangalia ndani tu visije vikakata wasiohusika, shanga zinatoka zinatumika upya. Ciechanover, Hershko na Rose, Nobel 2004. Na sio kwa wazee tu, kuna protini zinatengenezwa leo zife leo, kama zile zinazoiruhusu seli kugawanyika. Zisipokufa kwa wakati seli inagawanyika bila kuulizwa, na huo ndo mwanzo wa saratani nyingi.

Binti wa Pongwe

Na shangazi je, mishikaki ndo kaacha papai?

MwanaNgamiani

Hajaacha. Jana dogo alikuja na bakuli nne, kila moja vipande vitatu vya nyama ileile ukubwa uleule. La kwanza kaweka juisi ya papai bichi. La pili juisi hiyohiyo aliyoichemsha nusu saa nzima, maana nilimwambia papaini haikati tamaa upesi, hata nyuzi joto 60 na ushee bado inafanya kazi, ndo maana nyama yenye papai inaendelea kulainika dakika za mwanzo pale kwenye mkaa. La tatu maji matupu. La nne papai bivu, hilo aliongeza mwenyewe. Baada ya saa tatu akaita watu. La kwanza kidole kinazama mpaka kwenye kiungo. La pili na la tatu huwezi kuyatofautisha, nyama imekaza. La nne imelainika kidogo tu juujuu, kwa sababu papai likiiva papaini inapungua sana. Akaandika kwenye daftari na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, sikumwambia aandike.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anatazama yote. Leo amelaza kilo mbili, papai bichi robo tu, saa kumi kamili, akasema ikifika saa kumi na moja anaiosha anaiweka jikoni, na dogo ndo amepewa kazi ya kuangalia saa.